Uzi: Kichocho hakiingii kwa kunywa maji, kinaingia kwa ngozi. Nani hasa yuko hatarini?

#1 MlangoWaMaji (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Naleta mada hii kwa sababu imeniuma mwilini. Kwa zaidi ya miaka miwili nilitembea na kichocho bila kujua, na muda wote huo niliamini mimi ni mtu wa mwisho anayeweza kukipata. Maji ya kunywa nachemsha. Mikono nanawa. Choo ninacho na nakitumia. Nikisikia neno kichocho, picha iliyonijia kichwani ilikuwa ya watoto wanaopiga mbizi kwenye dimbwi na kukojoa damu.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kusafisha mifereji ya umwagiliaji: kung'oa magugu, kuzoa tope, kufungua na kufunga milango ya maji. Mabuti ya mpira nilipewa, lakini maji yakipita magoti yanaingia kwa juu na buti linakuwa zito kama jiwe, basi nikawa nayavua. Ilikuwa kawaida kushinda mapaja yakiwa majini kutwa nzima.

Dalili zilikuja taratibu. Kwenda haja ndogo kila mara, maumivu chini ya kitovu, uchovu usioisha hata nikilala. Kituo cha kwanza waliniambia ni UTI, nikapewa dawa. Nikarudi, UTI. Mara ya tatu, UTI tena. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani. Mpaka siku moja kijana wa maabara, huku akiandika jina langu kwenye kichupa, akaniuliza: "Kaka, huwa unaingia majini?" Swali hilo moja ndilo lililonipeleka kwenye tiba.

Tangu hapo nimesoma sana kuhusu ugonjwa huu, na nataka tuzungumzie jambo moja tu: hatari yenyewe iko wapi. Naona wengi tunajilinda mlango ambao adui hapiti.

Mzunguko uko hivi. Mwenye kichocho anatoa mayai kwa mkojo au kwa choo kikubwa, kutegemea aina aliyonayo. Mayai yakifika kwenye maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, yanapasuka na kutoa lava wa kwanza, yaani kitoto cha mnyoo wa kichocho. Lava huyu hawezi kumdhuru mtu. Ana masaa machache tu ya kumpata konokono, tena si konokono yeyote, bali wa jamii inayomfaa. Akimkosa anakufa. Akimpata, anazaliana ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha konokono anaanza kumwaga majini lava wa aina nyingine, wenye mkia uliogawanyika, kwa mamia na maelfu. Hawa ndio wanaotafuta ngozi. Wana siku moja au mbili za kuishi, na wakigusa ngozi wanapenya kwa dakika chache, kisha hukua mwilini kuwa minyoo inayotaga mayai. Kidonda hakihitajiki, ngozi nzima inapenyeka.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini kuchemsha maji ya kunywa hakukunisaidia kitu. Anayekunywa maji mabichi humeza lava, na asidi ya tumbo huwaua. Hatari ipo pale midomo na ngozi ya kinywa inapoguswa, lakini hiyo ni sehemu ndogo mno ukilinganisha na mapaja yaliyoshinda majini.

Kwa hiyo mimi hatari naipima kwa maswali haya. Maji ni ya aina gani? Bahari, hapana. Bwawa la kuogelea lenye klorini iliyowekwa sawasawa, hapana. Ziwa, mto unaokwenda polepole, mfereji, bwawa, ukingo wenye magugu, hapo ndipo konokono wanapokaa. Unakaa humo muda gani? Sehemu gani ya mwili inalowa? Ni saa ngapi? Konokono wa aina mbili za kichocho zilizoenea zaidi, cha mkojo na kile cha tumbo kiitwacho mansoni, humwaga lava zaidi jua likiwa kali, kilele kikiwa karibu na mchana. Aina ya Asia Mashariki, japonicum, humwaga zaidi jioni. Anayeingia alfajiri kwenye mto wenye aina zile mbili za kwanza anakutana na lava wachache kuliko anayeingia saa saba mchana, ingawa wachache hao nao wanatosha.

Na la mwisho, ambalo watu hawalitaji: nani mwingine anatumia maji hayo, na haja yake anaimalizia wapi?

Karibuni. Mwenye kisa chake akilete, mwenye swali aulize.

#2 Kasia

Mkuu umenigusa. Mimi ni mvuvi, miguu yangu haijakauka tangu nikiwa mtoto. Swali langu: sisi tunaokaa majini kila siku, je, mwili haujazoea? Maana wazee wetu wamefanya kazi hii hadi uzeeni.

#3 MlangoWaMaji

Kasia, swali zuri sana. Ni kweli waliokulia kwenye maji ya namna hii hujenga kinga ya kiasi kadiri umri unavyokwenda, na ndiyo maana ukipima kijiji kizima mara nyingi watoto wa umri wa kwenda shule ndio wanaokutwa na mayai mengi kuliko watu wazima. Lakini kinga hiyo ni pungufu. Mnyoo mmoja huishi miaka mitatu hadi kumi kwa kawaida, na wapo walioishi kwa mtu zaidi ya miaka thelathini. Wewe unaongezewa wengine kila siku. Wavuvi, wakulima wa mpunga, wanaosafisha mifereji, wachota mchanga mtoni na wafuaji ni watu wazima wanaobaki na maambukizi kwa sababu kazi yao haiwaruhusu kupumzika na maji.

Na kinachotudhuru si sana mnyoo mwenyewe, ni mayai. Takriban nusu ya mayai hayatoki nje. Yanakwama kwenye kuta za kibofu, kwenye utumbo, kwenye ini, na mwili unayazungushia kovu. Kovu juu ya kovu kwa miaka ndilo linaloziba njia ya mkojo au kuvimbisha ini na bandama. Kichocho cha mkojo kimethibitishwa kuwa miongoni mwa visababishi vya saratani ya kibofu. Wazee unaowataja wamefika uzeeni, lakini ni wangapi kati yao walikuwa wakilalamika kuhusu mkojo au tumbo na tukasema ni uzee?

Nakuomba upime.

#4 MgeniZiwani

Na sisi tusiokaa majini? Mimi nilikwenda matembezi, nikaogelea ziwani mara moja tu, labda nusu saa. Nikajifuta vizuri kwa taulo. Kuna haja ya kuhangaika?

#5 MlangoWaMaji

Mara moja inatosha. Nakupa mfano wa mbali na kwetu sote. Kisiwa cha Corsica, Ufaransa, kuna mto unaitwa Cavu, maji maangavu, wageni huoga kiangazi. Hakuna aliyewaza kichocho. Mwaka 2013 watu walioga pale, mwaka uliofuata wagonjwa wakaanza kugundulika, watalii kwa wenyeji, na idadi ikapita 100. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga nchi yenye kichocho. Konokono wa jamii inayofaa walikuwepo mtoni tangu zamani. Kilichokosekana ni mayai tu, na kuna mtu aliyeyaleta. Wataalamu walipochunguza vinasaba vya vimelea hivyo walikuta vinafanana na vya Senegal.

Kwa hiyo maji kuwa maangavu hakusemi lolote. Konokono hawa hawahitaji maji machafu.

Taulo: kujisugua haraka na kwa nguvu mara tu unapotoka kunaweza kupunguza wanaopenya, ila usikutegemee. Nusu saa ni muda wa kutosha kabisa kwa lava kumaliza kazi yake.

Kingine, mgeni huwa na dalili tofauti na mwenyeji. Mwili ambao haujawahi kukutana na mnyoo huyu unaweza kushtuka wiki kadhaa baadaye: homa, kikohozi, vipele vinavyowasha, tumbo kuuma. Watu hupimwa malaria, wakikutwa hawana wanarudishwa nyumbani. Kama ulioga kwenye maji ya eneo lenye kichocho na ukapata hali hiyo, mwambie daktari habari ya maji kabla hata hajauliza. Kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili huaminika zaidi wiki sita hadi nane baada ya mara ya mwisho kugusa maji. Ukipima wiki ya kwanza ukaambiwa huna, hayo si majibu ya kukulaza usingizi.

#6 SautiYaUpole

Nimesita sana kuandika hapa lakini nimeona niseme.

Mimi ni mwanamke. Tangu msichana kazi yangu nyumbani ilikuwa kufua na kuteka maji. Unajua kufua mtoni: unaingia hadi kiunoni, unachuchumaa, unashinda hapo. Baadaye nikiwa kwenye ndoa nikaanza kupata maumivu, damu kidogo baada ya tendo, na uchafu usioisha ukeni. Nilitibiwa magonjwa ya zinaa si chini ya mara tano. Mume wangu alitibiwa pia, na yeye hakukutwa na kitu. Unaweza kufikiri nyumbani kulikuwaje. Niliulizwa maswali ambayo sikuwa na majibu yake, na sikuwa nimefanya lolote.

Daktari mmoja mwanamke alipochunguza mlango wa kizazi aliona vidoa kama chembe za mchanga. Akaniambia ni kichocho. Nililia pale pale, na sikulia kwa ajili ya ugonjwa.

#7 MlangoWaMaji

Dada yangu, asante kwa ujasiri wako, na pole sana. Kama uzi huu ungekuwa na ujumbe wako peke yake ungetosha.

Wenzangu, alichokieleza dada kinaitwa kichocho cha via vya uzazi. Mayai ya kichocho cha mkojo yanakwama kwenye mlango wa kizazi, ukeni, hata kwenye mirija ya uzazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake na wasichana hadi milioni 56 wanayo hali hii, wengi wao barani Afrika. Kinaleta ugumba, mimba kutunga nje ya kizazi, maumivu ya kudumu. Na kwa sababu mayai huacha vidonda na uvimbe kwenye ngozi laini ya uke, tafiti zimekihusisha na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU. Wanaume nao hawakusalimika, mayai hufika hadi kwenye tezi dume na mirija ya shahawa.

Naomba hili lieleweke kwa herufi kubwa: KICHOCHO HAKIAMBUKIZWI KWA TENDO LA NDOA. Hakitoki kwa mtu kwenda kwa mtu moja kwa moja kwa njia yoyote. Lazima kipite kwa konokono. Mwanamke mwenye hali hii aliipata majini, aghalabu akifanya kazi za nyumbani alizotumwa na watu wazima. Hapo ndipo jinsia inapokuwa sehemu ya hatari: mwili wa mwanamke si dhaifu kuliko wetu, ila kazi zinazomweka majini muda mrefu, kiuno kikiwa kimezama, yeye ndiye aliyekabidhiwa.

#8 Nyundo

Pole dada. Lakini mleta mada, naona unazunguka. Chanzo ni watu kujisaidia majini. Wakijenga vyoo na kuvitumia, kichocho kwisha. Kwa nini tusiseme wazi kwamba ni ugonjwa wa uchafu?

#9 MlangoWaMaji

Nyundo, nusu ya maneno yako nayakubali kwa moyo wote. Bila mayai kufika majini hakuna kichocho. Choo ni silaha, na kukojoa majini wakati wa kuoga, jambo ambalo hata watu wazima wastaarabu hulifanya, ndilo linalolisha konokono wa kichocho cha mkojo.

Nusu ya pili siikubali, kwa sababu inamtwika lawama asiyestahili. Anayeugua si lazima awe ndiye aliyechafua. Mimi sijawahi kujisaidia kwenye mfereji. Dada hapo juu alikuwa anafua, yaani anafanya usafi! Na ukishaita ugonjwa "wa uchafu", mwenye nao anaficha, anachelewa kupima, na huku anaendelea kutoa mayai. Aibu nayo inasambaza kichocho.

Tena kuna hatari inayoletwa na maendeleo yenyewe. Mwaka 1986 bwawa la Diama lilikamilika karibu na mlango wa mto Senegal, kuzuia maji ya bahari yasipande mtoni. Maji ya juu yakapoteza chumvi, yakatulia, mifereji ya miwa na mpunga ikapanuka. Konokono wakashamiri. Kamba wa mtoni waliokuwa wakila konokono wakapungua, kwa sababu hao huhitaji kushuka hadi kwenye maji yenye chumvi ili wazaane, na ukuta uliwazuia. Kabla ya hapo kichocho cha tumbo hakikujulikana katika mji wa Richard-Toll. Miaka miwili baada ya bwawa kikaonekana, na muda si mrefu watu wengi wa mji huo walikuwa nacho. Niambie, mwananchi wa pale alichafua nini zaidi ya alivyokuwa akichafua mwaka 1985?

Kwa hiyo swali "kuna bwawa au mfereji mpya karibu nasi?" ni swali la hatari ya kichocho sawa na swali la choo.

#10 Nyundo

Hoja ya bwawa sikuwa naijua. Neno "uchafu" nalirudisha. Dada, samahani.

#11 MamaPacha

Mimi nina watoto wachanga wawili. Hawafiki mtoni kabisa, nawaogesha nyumbani kwenye beseni. Hao si wako salama?

#12 MlangoWaMaji

Inategemea maji ya kwenye beseni yametoka wapi na lini. Yakiwa yametekwa ziwani au mtoni asubuhi hii na mtoto anaogeshwa mchana huu, lava wamo hai, na mtoto anakalishwa ndani yake mwili mzima. Watoto wadogo kabisa wamekutwa na kichocho kwa njia hiyo, na kwa miaka mingi hawakuhesabiwa kwa sababu ilidhaniwa hawaingii majini.

Dawa yake ni rahisi, mama. Chemsha, yakishaanza kutokota yaache dakika moja, kisha yapooze. Kama kuni au mkaa hautoshi kwa maji yote ya kuogea, yaweke kwenye chombo safi chenye mfuniko kwa siku mbili kabla ya kutumia, uhakikishe hakuna konokono ndani. Lava wakikosa ngozi kwa muda huo wanakufa. Vyombo viwili vikubwa vinatosha kuendesha zamu: kimoja kinalala, kingine kinatumika.

Kuhusu tiba ya watoto wa umri huo kuna habari njema. Vidonge vya kawaida ni vikubwa na vichungu, na vilitengenezwa kwa watoto wakubwa na watu wazima. Mwishoni mwa 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuunga mkono dawa iitwayo arpraziquantel, inayoyeyuka kwenye maji, kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita. Uliza kituoni kama imefika kwenu.

#13 MgeniZiwani

Nimekumbuka jambo. Siku ile ile nilipotoka majini nilipata vipele vinavyowasha miguuni, vikaisha baada ya siku chache. Ndicho kichocho kilichokuwa kinaingia?

#14 JichoLaDarubini

Naomba nijibu hili, nafanya kazi maabara.

Inawezekana ndicho, na inawezekana sicho. Kuna vichocho vya ndege, hasa bata wa porini, ambavyo lava wake hukosea njia na kuingia kwenye ngozi ya mtu. Hawa hufia hapo hapo ngozini na kuacha muwasho. Hutokea kwenye maziwa ya nchi nyingi, hata zile za baridi zisizo na kichocho cha binadamu. Kwa kuangalia vipele tu huwezi kutofautisha. Kama ziwa liko kwenye eneo lenye kichocho cha binadamu, hesabu kwamba umeguswa, upime kwa muda aliokuambia mleta mada.

Na kwa wote mnaokuja kupima mkojo, mnisaidie kazi yangu. Mayai hutoka zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ule mkojo wa alfajiri uliozoeleka kwa vipimo vingine haufai sana hapa. Tena leteni na ule wa mwisho mwisho, yale matone ya kumalizia, kwa sababu mayai hushuka na hayo. Huwa tunachuja mililita 10 na kutazama kwenye darubini. Yai lenye mwiba mwishoni ni la kichocho cha mkojo. Lenye mwiba ubavuni ni la mansoni, na hilo hutafutwa kwenye choo kikubwa. Kwa hiyo mkojo usipoonyesha kitu na tumbo linasumbua, ombeni na kipimo cha choo. Mayai yakiwa machache sampuli moja inaweza kuyakosa, msikate tamaa mkiombwa ya pili na ya tatu.

#15 MlangoWaMaji

Asante sana mkuu. Laiti ningeambiwa hili la saa mapema. Mimi nilikuwa napeleka mkojo wa saa kumi na mbili asubuhi nikijiona nimewahi.

#16 Kasia

Wakuu, nimerudi. Nilikwenda juzi saa sita mchana kama alivyosema JichoLaDarubini. Mayai yameonekana, yenye mwiba mwishoni. Nimepimwa uzito, nimepewa prazikwanteli nikameza pale pale baada ya kula. Usiku tumbo lilikoroga kidogo na kichwa kikawa chepesi, leo niko sawa. Sasa nimepona kabisa au?

#17 JichoLaDarubini

Hongera kwa kwenda. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa. Michanga, ile iliyoingia wiki chache zilizopita, inaiponyoka. Wewe ulikuwa majini hadi juzi, kwa hiyo huenda unayo bado. Rudi upimwe tena baada ya wiki sita hadi nane, na ukikutwa nayo utapewa dozi nyingine. Dawa hii haikingi kesho. Ukirudi majini unaanza upya.

#18 MlangoWaMaji

Na kurudi atarudi, ndiyo riziki yake. Kasia, sitakuambia uache uvuvi. Punguza kinachopunguzika: panda na ushuke mahali pasipo na magugu, usisimame majini kufua nyavu wakati wa jua la utosi kama unaweza kufanyia juu ya gati, haja ndogo usiifanyie ziwani. Na upime kila mwaka hata kama hujisikii kitu. Kampeni za dawa kwa miaka mingi zilikwenda mashuleni tu, watu wazima wa majini tukaachwa nje. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka jamii nzima ipewe katika maeneo yenye maambukizi mengi, kuanzia miaka miwili, wakiwemo watu wazima na wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza. Ulizia zamu ya kwenu ni lini, usisubiri kuitwa.

#19 Kasia

Nimewasomea wenzangu uzi huu wote jana usiku, hasa ujumbe wa dada. Mmoja wetu amenyamaza muda mrefu, kisha akasema mke wake ana hali hiyo hiyo na wamekuwa wakigombana tangu mwaka jana. Keshokutwa hatuendi ziwani. Tunakwenda kituoni saa tano, wote wanne wa mtumbwi, na yeye anakuja na mkewe.